Mama anaidanganya programu ya kisukari kwenye simu. Nimwambie kaka?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, Dar es Salaam. Mama yangu mzazi yuko Tanga mjini, ana miaka 66, na anaishi na mjukuu wake, binti wa marehemu dada yetu, aliyeko kidato cha pili. Mama aligundulika kuwa na kisukari aina ya pili mwaka 2016. Anatumia metformini na glibenklamidi, asubuhi na jioni. Kliniki alikuwa haikosi, daftari lake limejaa mihuri.

Mwaka jana kaka yetu mkubwa, ambaye anafanya kazi Muscat, alimletea simu janja na mashine mpya ya kupimia sukari, akamwekea na programu ya kisukari. Nia ilikuwa njema, sipingi. Mama akishachoma kidole, mjukuu anaingiza namba kwenye simu, na programu inatoa rangi: kijani kama sukari iko sawa, nyekundu kama imepanda. Kaka akafungua kundi la WhatsApp la familia, na kila jioni picha ya skrini inatumwa humo. Tuko wengi: watoto, wakwe, baba mdogo, shangazi, hadi binamu wa Pongwe.

Mwanzoni ilikuwa raha, makofi na dua. Kisha nyekundu zikaanza. "Mama, leo umekula nini tena?" Kaka anapiga simu usiku kutoka Muscat anamhoji. Shangazi alimwandikia mbele ya watu wote kwamba wali wa nazi ndio utakaomuua. Wifi yetu akawa anatuma ujumbe wa mlonge na mdalasini kila asubuhi. Mama akaacha kabisa kujibu. Baada ya muda namba zikawa nzuri ajabu: 6.1, 5.8, 6.4, kijani tupu. Kaka akafurahi, akasema foleni ya kliniki inamchosha bure wakati programu inaonyesha anaendelea vizuri. Tangu hapo Mama hajarudi kliniki.

Mwezi uliopita nilikwenda Tanga kwenye arobaini ya jirani yetu. Alfajiri mjukuu akaniamsha: Bibi amelowa jasho, anatetemeka, anasema maneno yasiyoeleweka. Nikampima, 3.0. Tulimpa maji ya sukari, Mungu akasaidia akarudi. Asubuhi nikiwa naishika ile mashine nikagundua inatunza kumbukumbu yenyewe. Nikairudisha nyuma. 13.2, 3.4, 11.8, 14.6, 3.6. Hakuna hata moja iliyofanana na zilizoko kwenye simu.

Nilimwita yule binti pembeni, akaanza kulia. Ni Bibi anayemwambia namba ya kuandika. Akaniambia pia kwamba siku hizi Bibi hali chakula cha usiku, ili asubuhi isomeke vizuri, ila dawa za jioni anameza kama kawaida.

Kaka sijamwambia. Najua atasema Mama ni mwongo na mtoto ameharibika. Tayari anataka kutuma saa ya mkononi aliyoiona huko, inayosemekana inapima sukari bila kuchoma kidole na kupeleka namba moja kwa moja kwenye simu yake, ili, kwa maneno yake, "pasiwe na nafasi ya kukosea". Mama kwa upande wake anataka simu irudishwe kwa mwenyewe, na anasema Ramadhani atafunga kama miaka yote. Je, tuachane na hizi programu? Au kuna iliyo bora tumwekee? Na kaka nimwambie nini?

Binti wa Tanga, Tabata

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa alfajiri ile. Ulifanya vyema kumpima kabla ya kudhani ni malaria au mashetani, na ulifanya vyema zaidi kuirudisha nyuma kumbukumbu ya mashine. Umeniuliza habari za programu na nitakujibu, lakini kwanza tushughulikie dawa na kile chakula cha usiku, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri.

Glibenklamidi inalisukuma kongosho litoe insulini, mtu awe amekula au hajala. Mama akimeza kidonge cha jioni halafu akalala na njaa, insulini inafanya kazi yake kwenye damu isiyo na chakula cha kushughulikia, na sukari inashuka usiku. Namba yoyote iliyo chini ya 4 ni sukari iliyoshuka. Mtu akifika 3.0 na maneno yakaanza kumchanganya, ubongo unakosa chakula chake. Na kwenye kumbukumbu umeona 3.4 na 3.6, maana yake haikuwa mara ya kwanza. Kwa mzee hali hii ni hatari kubwa: anaanguka, anavunjika nyonga, anapoteza fahamu, na kuna wasioamka.

Sasa kuna jambo ambalo watu wengi hawajaambiwa. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaeleza wazi kwamba glibenklamidi haifai kwa watu waliozidi miaka 60, na dawa ya kundi hilo inayopewa kipaumbele humo ni gliklazidi. Mama yako alianza dawa akiwa bado hajafika huko. Miaka imekwenda, na mtu wa kuliona hilo ni daktari wa kliniki ambayo ameacha kwenda. Kwa hiyo usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye daftari. Apelekwe kliniki kesho au keshokutwa, na mwende na mashine yenyewe mkononi, siyo simu. Mwambieni daktari maneno matatu: anashuka sukari usiku, hali chakula cha usiku, na ana miaka 66. Uliza kama glibenklamidi ibadilishwe, ipunguzwe au iondolewe. Msiamue wenyewe nyumbani, wala msiiache kwa sababu mimi nimeandika hapa. Hadi mtakapomwona daktari, Mama asilale bila kula, na yule binti asiachwe peke yake naye usiku bila kujua cha kufanya.

Cha kufanya chenyewe akiandike kwenye karatasi aibandike jikoni. Bibi akitetemeka, akitoka jasho la baridi, akiwa mkali bila sababu au akichanganya maneno, apimwe. Ikiwa chini ya 4, au ikiwa mashine haionekani haraka, apewe sukari vijiko vinne vya chai kwenye maji nusu glasi. Baada ya dakika 15 apimwe tena, na kama bado iko chini arudiwe. Ikishapanda ale chakula cha kweli, kipande cha muhogo au mkate, siyo sukari peke yake. Akiwa hajitambui asiwekewe chochote mdomoni, atapaliwa, akimbizwe hospitali. Na kwa anayetumia glibenklamidi, hata akizinduka aonwe na daktari siku hiyo hiyo, kwa kuwa dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena saa kadhaa baadaye. Mlipompa maji ya sukari mkaona amerudi, hatari ilikuwa haijaisha.

Nadhani sasa unaona jinsi mambo yalivyofuatana. Programu ikatoa rangi nyekundu, kundi likamsema, yeye akaacha kula usiku, dawa ikamshusha alfajiri, pengine akaamka akanywa chai yenye sukari nyingi kujiokoa, mashine ikasoma 13 au 14, akaona aibu, akamwambia mtoto aandike 6. Zile namba za juu huenda zimetoka hapo, na huenda nyingine zinatoka mahali pengine. Daktari ndiye atakayezipambanua akiona saa na tarehe. Kwa hiyo hakikisheni saa ya mashine iko sawa. Mara nyingi ukibadilisha betri inarudi kwenye tarehe ya ajabu, na namba isiyo na saa haimsaidii daktari sana.

Mama yako si mwongo, mwanangu. Ni mwanamke mzima aliyelea watoto, akajikuta kila jioni anatolewa alama mbele ya wakwe zake. Nani kati yenu angevumilia picha ya mwili wake ijadiliwe na shangazi na binamu wa Pongwe kila siku ya Mungu? Hakuidanganya programu kwa sababu hajali afya yake. Alikuwa na njaa kila usiku ili ninyi mfurahi. Hilo ndilo linalonisikitisha kuliko yote katika barua yako, na ndilo ningeomba kaka yako alisome mara mbili.

Kwa hiyo kundi la WhatsApp lifungwe, au libaki la kusalimiana na picha za harusi, lakini sukari ya Mama isiingie humo tena. Nchini kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Sheria hiyo inawahusu zaidi wanaokusanya taarifa za watu, siyo soga za familia, lakini msingi wake unafaa hata sebuleni: mwenye mwili ndiye anayeamua nani azione namba zake. Mwulizeni. Pengine atasema wewe tu. Pengine atasema mjukuu na daktari basi. Atakachosema kifuatwe.

Tuje kwenye programu sasa. Sizikatai. Kuna watu nawajua zimewasaidia sana, hasa wanaochoma insulini, ambao wanahitaji kuona kwa wiki nzima sukari inapanda saa ngapi na inashuka saa ngapi. Maarufu kati ya hizo ni mySugr, iliyoanzia Vienna huko Austria na kununuliwa na kampuni ya Roche mwaka 2017. Hizi programu za kuandika, hii na nyingine za aina yake, zote kimsingi ni daftari. Zinatunza unachoziambia, zinachora mstari, zinakukumbusha. Ukiingiza 6 wakati damu ina 14, zitachora mstari mzuri wa 6. Zipo zinazokadiria hata kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c, lakini zinakikadiria kutokana na namba ulizoingiza wewe. HbA1c ya kweli inatolewa maabara, kutokana na damu, na haijui habari za kundi la familia. Hicho ndicho kipimo ambacho Mama anakihitaji sasa. Ili mpate picha, HbA1c ya asilimia 7 ni sawa na wastani wa sukari wa kama 8.6 kwa siku zote hizo, usiku na mchana.

Na ile rangi ya kijani ilipangwa na nani? Mara nyingi mtu akiiweka programu kwa mara ya kwanza anaikuta na mipaka ya jumla, ambayo haimjui mzee wa Tanga anayeshuka sukari usiku. Kwa wazee, hasa wenye maradhi mengine au walio katika hatari ya kushuka, madaktari hulegeza lengo. Wengi huridhika na asubuhi kabla ya kula kati ya 5 na 8.3, na HbA1c chini ya asilimia 8 badala ya 7. Daktari akishataja lengo la Mama, ingieni kwenye mipangilio mbadilishe. Inawezekana kabisa kwamba baadhi ya zile nyekundu zilizomkosesha usingizi zilikuwa namba ambazo daktari wake angezipokea kwa tabasamu.

Angalieni vipimo pia. Mashine zetu nyingi hapa zinasoma kwa milimoli, zile 5, 7, 11. Programu nyingi zilizotengenezwa Marekani zinaanza na miligramu, ambako sukari ya 7.0 inaandikwa 126. Kugeuza ni kuzidisha kwa 18. Ikiwa mjukuu anaingiza 7 kwenye programu inayosubiri 126, programu itapiga kelele kwamba mgonjwa anakaribia kufa.

Chakula ndiko ninakoona programu hizi zinawachosha zaidi watu wetu. Zina orodha ndefu za vyakula vya Ulaya na Marekani, lakini mtafutie vitumbua, au ugali wa dona, au mchuzi wa kisamvu uliotiwa nazi, utahangaika. Ugali unapimwaje, kwa gramu? Nani ana mizani mezani? Msimlazimishe Mama kuhesabu wanga. Apige picha ya sahani kabla ya kula, basi. Sahani yenyewe nusu iwe mboga, mchicha au bamia au kabichi, robo iwe samaki, maharage au kuku, na robo inayobaki iwe ugali, wali au ndizi. Wali wa nazi hautamuua, mwambie shangazi. Mlima wa wali wa nazi ndio tatizo, na picha tatu nne za sahani zitamwonyesha daktari jambo ambalo orodha ya programu haiwezi. Saa mbili baada ya kula apime, alinganishe mwenyewe. Nimeona wagonjwa wakijifunza zaidi kwa njia hiyo kuliko kwa kuhubiriwa.

Wala asipime ovyo. Stripu, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu kwenye mashine, ni pesa, na kwa mtu anayetumia vidonge bila insulini si lazima kuchoma kidole mara nne kila siku ya maisha yake. Kwa wiki hizi chache, kwa kuwa anashuka, daktari pengine atataka apime kabla ya kulala, alfajiri, na siku mojamoja baada ya chakula kikuu. Akitulia watapunguza. Lakini kila anapojisikia vibaya apime, saa yoyote. Anawe mikono kwa maji na sabuni kwanza na kuikausha. Mtu aliyetoka kumenya embe bivu ana sukari kwenye ncha ya kidole, na mashine itaisoma hiyo kama damu yake. Achome pembeni ya kidole, siyo katikati penye maumivu. Na kopo la stripu lifungwe kila mara, maana unyevunyevu wa pwani yetu unaziharibu upesi.

Kuhusu ile saa ya mkononi, mwambie kaka asiinunue. Tarehe 21 Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwa umma kuhusu saa na pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi. Walisema hawajaidhinisha hata moja, na kwamba mgonjwa anayezifuata anaweza kunywa dawa kwa kipimo kisicho sahihi. Saa hizo zinauzwa kila mahali, zinatoa namba nzuri nzuri, na namba hizo hazina msingi. Programu zinazosema weka kidole kwenye kamera ya simu usome sukari ni hivyo hivyo, mzifute.

Usichanganye saa hizo na kifaa kingine ambacho ni cha kweli, kile kinachobandikwa nyuma ya mkono wa juu, chenye kijiuzi chembamba kinachoingia chini ya ngozi. FreeStyle Libre ya kampuni ya Abbott ni mojawapo, na kwa kawaida kimoja hukaa siku 14. Kinasoma sukari kwenye majimaji yaliyo chini ya ngozi na kupeleka kwenye simu, ndiyo maana namba yake huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu. Saa ya mkononi inaweza kuonyesha namba iliyotoka kwenye kifaa hicho, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa wakadhani saa ndiyo iliyopima. Ni kifaa kizuri, hasa kwa anayeshuka usiku, maana vipo vinavyopiga kengele. Lakini kikiisha unanunua kingine, na gharama hiyo inajirudia kila wiki mbili. Kama kaka ana uwezo, aulize daktari wa Mama kama kubandika kimoja tu, kwa siku hizo 14 za kubadilisha dawa, kutasaidia. Na Mama aridhie kwanza. Akikataa kubandikwa, yaishe hapo.

Simu yenyewe irudishwe? Mimi ningesema ibaki, ila kazi zake zibadilike. Iwe na kengele ya dawa na tarehe ya kliniki. Sauti ya mjukuu irekodiwe ikisema "Bibi, kula kwanza", itamfaa kuliko mlio wa kigeni. Kazi nyingine ambayo watu hawaifikirii ni miguu. Kwa mtu wa miaka 66 si rahisi kuinama akaona unyayo wake, na kisukari kinatia ganzi, msumari unaweza kuingia asiusikie. Kila jioni mjukuu apige picha ya nyayo zote mbili, wakuze picha waangalie pamoja kati ya vidole: jeraha, lengelenge, wekundu, ngozi iliyopasuka. Wakiona kitu hawakijui, wakipeleke kliniki siku inayofuata. Miguu mingi inakatwa kwa sababu ya kidonda kidogo ambacho hakuna aliyekiona wiki ya kwanza, na kamera ya simu ya kawaida tu inaweza kukionyesha.

Kama mtataka programu ya kuandikia, chagueni inayokubali milimoli, inayofanya kazi bila bando, inayowaruhusu kuandika maneno yenu wenyewe pembeni ya namba ("sijala", "msiba", "homa"), na inayoweza kutoa ripoti ya kuchapisha au kumwonyesha daktari. Ikianza kuwauzia dawa ya kuponya kisukari, itoeni. Ikiomba orodha ya namba zote za simu zenu, itoeni. Ikimwelekeza aongeze au apunguze dawa, msiifuate bila daktari. Na kama Mama anapenda daftari la karatasi lenye mistari, mpeni daftari. Senegali walianza mwaka 2014 huduma ya kuwatumia wagonjwa wa kisukari ujumbe mfupi wa kawaida, wakianzia na Ramadhani, chini ya mpango wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano. Ujumbe mfupi kwenye simu ya vitufe. Wewe pia unaweza kumwandikia Mama ujumbe wa namna hiyo kila jioni, wa kumkumbusha kula na kumuuliza habari za siku, usiomuuliza namba.

Ramadhani ni mazungumzo mazito na naomba msiyamalize nyumbani. Wataalamu wanashauri mgonjwa aende kliniki wiki sita hadi nane kabla ya mfungo, ili daktari apime hatari yake na kupanga upya dawa. Kwa mtu aliyeshuka hadi 3.0 hivi karibuni, inawezekana sana akaambiwa mwaka huu asifunge, na hapo mwombeni imamu mnayemwamini akae naye, kwa sababu neno la mtoto kwake halitatosha na si haki litoshe. Akiruhusiwa kufunga, ajue kwamba kuchoma kidole kupima hakubatilishi swaumu, wanazuoni wengi wameshalijibu hilo. Ajue pia kwamba sukari ikienda chini ya 3.9 au ikipita 16.6 anapaswa kufungua hapo hapo, hata kama imebaki nusu saa kuadhinwa magharibi.

Na kliniki kaka amekosea, kwa heshima zote. Kliniki hawapimi sukari tu. Wanapima shinikizo la damu, wanaangalia figo kwa mkojo na damu, wanampeleka kwa mtaalamu wa macho, wanagusa miguu. Hakuna programu inayofanya lolote kati ya hayo. Kama foleni ndiyo inayomchosha, tatueni foleni: bodaboda ya kumwahisha asubuhi, mtu wa kumshikia nafasi, chai kwenye chupa.

Yule binti mtoe lawamani leo. Ana umri wa kidato cha pili, aliwekwa katikati ya bibi yake na mjomba wake, akachagua kumtii anayelala naye nyumba moja. Mwambie hakufanya kosa kukueleza, na kwamba kuanzia sasa hatakiwi tena kuripoti kwa mtu yeyote aliye mbali.

Kaka mwambie, lakini usimwambie kwenye kundi wala kwa ujumbe. Mpigie akiwa ametoka kazini, msalimie kama unavyomsalimia siku zote, halafu anza na ile alfajiri. "Kaka, shikamoo. Nina jambo la Mama, naomba unisikilize hadi mwisho. Alishuka hadi 3.0 nikiwepo, na si mara ya kwanza. Anaogopa kutuudhi, ndiyo maana anaficha. Daktari anahitaji namba za kweli, na Mama hatatupa kama tutaendelea kumhukumu." Usitumie neno uongo. Akikasirika mwache akasirike. Yuko mbali, simu ile ilikuwa njia yake ya kumshika Mama mkono, na kuambiwa kwamba mkono wenyewe umemuumiza si jambo jepesi kulipokea. Halafu mpe kazi nyingine ya kufanya, kwa sababu anataka kusaidia na pesa anayo. Bei ya ile saa iende kwenye HbA1c, kwenye stripu za miezi kadhaa, na kwenye nauli ya kliniki. Na akimpigia Mama, wiki nzima ya kwanza, asiulize sukari kabisa.